Plasta Yenye Mwanya

Fundi alipoigeuza ile plasta, sanamu ya meno ya mteja, kwenye mwanga, brashi ilimdondoka. Miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza maganda ya kauri ya kubandika juu ya meno, membamba kama kucha, na siku zote watu walimfikia hivi: plasta mbili, moja ya kabla ya meno kusagwa na moja ya baada, pamoja na namba na maagizo ya daktari. Jina halikuandikwa. Lakini nani asiyejua cha kwake? Jino la pembeni limemlalia mwenzake, na katikati ya yale ya mbele, mwanya. Mwanya wa marehemu mkewe, aliomrithisha binti yao wa pekee.

Maagizo yalisema: meno sita, mwanya uzibwe.

Alimpigia simu. Mchana huohuo binti akafika mlangoni mwa karakana.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umeshasagwa?"

"Jana. Haya ya plastiki ni ya muda tu."

"Nani kakudanganya mwanya ni ubaya? Wenzako wanautafuta kwa tochi! Mama yako aliniteka kwa huohuo."

Binti aliinamisha kichwa. "Baba, tangu mama afariki, nikicheka unageuza uso. Mezani, kwenye harusi ya shangazi, popote. Mwaka wa nne huu. Nikasema, nikiuziba labda utaniangalia."

Ilikuwa kweli tupu. Fundi aliogopa kumlilia mtoto, akadhani kugeuza uso ni kumsitiri. Jino likishasagwa limesagwa, halioti tena. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote mle ndani.

"Naweza kuuacha," alisema mwishowe. "Nikautengeneza palepale ulipokuwa."

"Utakuwa wako, Baba. Si wa mama."

"Najua."

"Na utaweza kuuangalia?"

Fundi alivuta kiti, akamkalisha chini ya taa anayolinganishia rangi za meno, naye akaketi mbele yake, magoti kwa magoti.

"Hebu cheka, mama."

Binti alicheka kidogo, na papo hapo mkono ukapanda wenyewe, ukafunika mdomo. Fundi hakugeuza uso. Macho yalimjaa, akayaacha yajae, akangoja mkono ushuke.