Mama Mkwe na Meza za Biskuti

Nyumbani walikuwa mkazamwana na mama mkwe. Kiwandani, mkazamwana ndiye mpangaji wa kazi, na mama mkwe anafunga katoni za biskuti. Yaani asubuhi unamwamkia kwa heshima, saa mbili unamwambia aongeze kasi. Mtihani huo!

Tena mkazamwana alikuwa kwenye majaribio. Meneja alimwambia waziwazi: malori yakianza kuondoka kabla ya adhuhuri, mkataba upo, yasipoondoka, tutaagana. Basi akatazama wafungaji wanavyogeukiana kupiga soga, akaona hapo ndipo muda unapovuja. Akazigeuza meza zote zikatazama ukuta.

Lo! Kiwanda kikapoa mpaka ukamsikia sisimizi akitafuna makombo. Katoni zikafungwa tupu. Mmoja alisinzia wima, akajibandika selotepu kidevuni, nusura apakiwe kama mzigo. Adhuhuri malori yalikuwa bado yanapiga miayo.

"Mama, mnanifanyia kusudi?"

"Kusudi gani, mwanangu? Jana kwenye hadithi nimemwacha bwana harusi juu ya paa, anawakimbia wachumba wawili. Leo niuhadithie ukuta?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mkazamwana hakucheka. Alikumbuka mikono yao ilivyokuwa ikikimbia kila hadithi ilipopamba moto. Kumbe alipanga meza, akawasahau watu! Palepale akaagiza meza ziwekwe duara, mama mkwe aonekane na wote.

Kesho yake, wacha wee! Walifunga kwa kasi hadi tanuri likatoa moshi wa kuomba radhi. Malori yakajaa hata chai ya asubuhi haijapoa. Ila sasa madereva nao wakagoma kuondoka.

"Mpaka tujue kama bwana harusi anashuka!" wakapiga kelele.

"Mama, katiza hapo," mkazamwana akamnong'oneza.

"Nikatize mtu ananing'inia?"

"Hapo hapo anaponing'inia. Tafadhali, mama."

Mama mkwe akaguna, akafumba mdomo. Madereva wakaondoka wakinung'unika, wakiapa kuwahi kurudi.

Meneja alipokuja akakuta uwanja mweupe. Akasaini mkataba bila maneno mengi, halafu akajikohoza. "Na huyo bwana harusi niliyemsikia kwa madereva… alishuka?"

"Kesho kazini, bosi," mama mkwe akamjibu.

Kulipokucha, meneja alifika kabla ya mlinzi. Mama mkwe akamrushia selotepu.

"Karibu, baba. Hapa hasikilizi mtu mikono mitupu."