Michezo Mitatu ya Bure

Awinja alikuwa na mazoea ya kuwaambia wateja wa hoteli yake kwamba katika wilaya nzima ya Kakamega hakuna fundi wa mashine ya gololi wa kumfikia yeye. Halafu, kabla mtu hajapata nafasi ya kubisha, alimalizia mwenyewe: mashine ya gololi katika wilaya nzima ilikuwa hiyo moja tu, na ilimchukua miaka minne kuifanya iwake bila kumrusha ukutani.

Ilisimama kwenye kona ya hoteli, pale sokoni Shianda, kwa miguu minne ya chuma. Chini ya kioo kulikuwa na ubao ulioinama, wenye uyoga wa taa na vikono viwili vya kuirudisha gololi juu isije ikatumbukia shimoni. Awinja aliifahamu tangu ujana, alipokuwa akifagia kilabu cha Wazungu wachimba dhahabu. Wao walicheza, yeye alishika ufagio na kusikiliza: gololi ikigonga uyoga, kengele ikilia, taa zikifukuzana. Dhahabu ilipoisha Wazungu wakaenda zao, na mashine ikaishia kwenye ghala la Mhindi mmoja. Huko ndiko Awinja alikoikuta baadaye, kuku wakitagia ndani. Miwa ilikuwa imeanza kulipa vizuri, umeme umefika sokoni kwa ajili ya kiwanda cha sukari, na kila mtu alikuwa ananunua kitu. Wengine walinunua redio, wengine waliongeza mke. Awinja alinunua sanduku la kinyesi cha kuku na kulibeba nyumbani kwa mkokoteni.

Athman, fundi wa redio kutoka Mumias, alimfundisha kufuata nyaya kwa kidole. Mengine alifundishwa na umeme wenyewe. Alizungusha upya nyaya za koili kwa mkono, akasugua kutu kwa msasa, akapiga mguu mmoja kabari kwa sababu sakafu ilikuwa imeinama. Wale wanawake waliochorwa kwenye kioo cha mbele, karibu uchi kabisa, aliwavisha leso kwa rangi ya mafuta, baada ya mchungaji kumaliza chapati tatu akiwa anawatazama. Usiku wa sikukuu vijana wa kiwandani walipanga foleni kuicheza, naye alisimama kando na ufagio, macho ameyafumba.

Jumamosi hii hakukuwa na foleni. Alhamisi shamba la miwa la mwanawe, Were, liliungua, na ndani ya moto akafa mtu. Aliitwa Patroba, mkata miwa. Alikuwa akikata shamba la jirani, na jua lilipozidi aliingia kati ya mistari ya Were, kwenye miwa mirefu yenye kivuli, akalala.

Watu wa huko hawakuhitaji kuelezwa moto wa miwa unatoka wapi. Miwa ikikomaa unangoja kibali cha kukatwa, na kibali kinakwenda kwa zamu, na zamu ina wenyewe. Miwa inasimama, inakauka, utamu unapotea. Lakini miwa iliyoungua hukatwa kwanza, kwa sababu ikikaa siku chache tu haifai tena. Kwa hiyo mtu aliyechoka kungoja alikuwa anakwenda shambani na kiberiti, kisha anarudi nyumbani kushangaa na wenzake. Were alikuwa amengoja miezi mitano. Alhamisi jioni aliingia jikoni kwa mamake nyusi zimebabuka. Awinja hakuuliza. Alimvua shati, akalifua mwenyewe, maji mara tatu.

Sasa Land Rover ya polisi ilikuwa imesimama nje. Afisa aliyeingia aliitwa Kipruto, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na nyuma yake akaja Alice, mjane wa Patroba, kitambaa cheusi kichwani. Were alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, mikono katikati ya magoti. Kama hakuna wa kumsemea, angeondoka na hiyo Land Rover, na kwa kifo cha mtu hakuna aliyejua angerudi lini.

“Mulembe, mama,” Kipruto alisema.

“Mulembe, afande. Chai ama supu?”

“Maneno kwanza. Huyu kijana wako, Alhamisi saa tisa alikuwa wapi?”

“Hapa hapa. Anachezanga hiyo mashine mpaka anasahau nani alimzaa.”

“Alianza saa ngapi?”

“Saa nane na nusu. Mpaka watu walipopiga kelele ya moto.”

“Hiyo ni karibu saa nzima.” Kipruto alitazama tundu la kutilia pesa. “Inakula sumuni, siyo? Alikuwa na sumuni ngapi, mtu ambaye miwa yake haijakatwa?”

Hapo Awinja angesema tu kwamba alimpa yeye, mama anampa mtoto sumuni, nani atakataa. Lakini ulimi wake haukuzoea maneno makavu. Hata kwa mkusanya ushuru wa soko aliyatilia chumvi.

“Moja tu, afande. Hiyo moja ikamzalia michezo mitatu ya bure. Ko, ko, ko, inagonga ndani kama mgeni mlangoni. Nikamwambia, leo utanifungia hoteli.”

Maneno yalipotoka tu, akakumbuka. Koili ya kuhesabu michezo ya bure, ile inayogonga hiyo ko, haikuwa mahali pake. Mwaka juzi koili ya kikono cha kushoto iliungua, na kwa kukosa nyingine aling’oa hiyo ya michezo ya bure akaifunga pale. Alijiambia alama elfu sita zinazoleta mchezo wa bure hazifikiwi na mlevi yeyote wa Shianda, na atakayezifikia atamshukuru Mungu kwa ajili yake mwenyewe. Tangu hapo mashine haikuwahi kumpa mtu yeyote mchezo wa bure.

Alice alizungumza kwa mara ya kwanza. “Mama, wewe ulimwona Were hapa? Kwa macho yako?”

“Kwa macho yangu, mwanangu.”

Alice alitikisa kichwa polepole kukubali. Akaketi, akapokea kikombe cha chai, akanywa. “Watu wanasema vitu vingi,” alisema. “Mimi sitaki kumchukia mtu bure. Patroba alikuwa anakula hapa.”

“Alikulanga hapa,” Awinja aliitikia, na huo ulikuwa ukweli.

Kipruto alikuwa amefunga daftari lake. Alikuwa ameinama juu ya kioo, akisoma kikaratasi cha maelezo ya mchezo kilichobandikwa humo. “Nikiwa askari mpya Nakuru, kantini yetu ilikuwa na dada ya hii,” alisema. “Tulipigana juu yake. Niruhusu, mama.”

“Afande, kikono cha kushoto ni kigonjwa. Utapoteza sumuni.”

“Sumuni ni yangu.”

Akaitia. Taa zikawaka, kengele ikajisafisha koo. Awinja alikuwa amewaombea wengi waliosimama pale washinde; huyu alimwombea gololi zote tano ziende shimoni moja kwa moja.

Ya kwanza ilikwenda. Ya pili ilikwenda. Ya tatu Kipruto alikuwa ameshaelewa kwamba kikono cha kushoto kinachelewa, akawa anakibonyeza mapema, na gololi ikapanda, ikagonga uyoga huu na ule, ikarudi, ikapanda tena. Alama elfu mbili. Elfu tatu. Siku nyingine Awinja angemwambia kwamba hajaona mikono kama hiyo tangu Wazungu waondoke. Gololi ya nne ilimfikisha elfu nne na nusu. Were alikuwa ameacha kutazama sakafu. Hakuijua mashine, hakuwahi kuigusa, aliiita takataka ya mama. Lakini aliuona uso wa mamake.

Awinja alichukua sinia yenye vikombe na kuja nayo upande wa mashine, nyonga mbele. Pigo moja la nyonga na taa zote zingezimika, mashine ingenuna na mchezo ungekufa. Kipruto, bila kugeuza macho, alisogeza mguu wake katikati.

“Weka hapo kwa Alice, mama. Hii mashine hukasirika ikiguswa.”

Gololi ya tano ilidumu muda mrefu. Elfu tano. Elfu tano na nusu. Kisha uyoga wa juu ulilia mara tano mfululizo, na taa ya elfu sita ikawaka juu ya kichwa cha mwanamke mmoja mwenye leso.

Hakukusikika kitu.

Kipruto aliiacha gololi ianguke. Alisimama amekunja shingo, anasikiliza. “Ko iko wapi?” aliuliza.

“Huwa inachelewa.”

Wakangoja. Nje dereva wa Land Rover alikohoa.

“Labda imechoka,” Awinja alisema. “Ni mzee mwenzangu.”

“Nipe ufunguo.”

“Ulipotea.”

Kipruto alitazama uzi uliozunguka shingo ya Awinja ukishuka ndani ya gauni. Awinja akauvuta, akautoa. Kipruto alifungua mlango mdogo wa mbele, akachuchumaa, akawasha tochi. Kisha akaita bila kuinuka.

“Mama fundi. Hapa kuna nafasi ya koili, na nyaya mbili zimefungwa kitambaa. Koili yenyewe iko wapi?”

“Niliitoa jana. Kuisafisha.”

“Jana.” Tochi ilisogea. Hata kutoka pale alipokuwa amesimama, Awinja aliona vumbi kama unga kwenye bati, na utando mnene uliojaza ile nafasi tupu kutoka pembe hadi pembe, umejaa mabawa ya nzi.

“Na huyu buibui,” Kipruto aliuliza, “naye alihamia jana?”

Alice aliweka kikombe chini.

“Jana jioni,” alisema Awinja.