Theluthi ya Nukta

Jumatatu asubuhi, kabla jua halijafika ukutani, Hulkar alitundika suzani ya makomamanga, kitambaa cha ukutani kilichotariziwa kwa hariri, kwenye baraza la upande wa kaskazini, ambako mwanga hautangatangi. Aliipiga pasi ya mvuke juu ya shuka bichi, akang'oa manyoya ya paka kwa karatasi ya gundi, kisha akaegesha kadi nyeupe pembeni ili kamera isimdanganye rangi. Kitambaa kilikuwa kipana mno kuingia kwenye picha moja, kwa hiyo alikipiga picha kumi na mbili, kipande kwa kipande, akaziunganisha kwenye kompyuta. Paka alifukuzwa mara tatu. Mara ya nne aliachwa, na mkia wake ukabidi ufutwe baadaye.

Tovuti ya Muazzam opa, mchoraji wa suzani ambaye Hulkar alimwandalia picha, ilikuwa ifunguliwe Ijumaa. Opa ni dada mkubwa, na mji mzima wa Nurota ulimwita hivyo, wakiwemo vikongwe waliomlea, kwani umaarufu ukishamfika mtu umri humfuata wenyewe. Kazi thelathini na tisa zilikuwa tayari. Hii ya arobaini Hulkar alikuwa akiipiga danadana, maana ukanda wake wa katikati ulishonwa na mama yake, Oysuluv, aliyefariki miaka sita iliyopita.

Suzani ya harusi haishonwi na mtu mmoja. Kanda za kitambaa huunganishwa kwa uzi wa kushikiza, mchoraji anachora maua kwa kalamu ya tete, kisha kanda zinaachanishwa na kila mwanamke anaondoka na wake. Zikirudi baada ya mwaka au miwili zinashonwa pamoja, na hapo nusu ya komamanga iliyokulia nyumba hii hukutana na nusu iliyokulia nyumba ile. Mara nyingi hazisalimiani. Kwenye kona moja huachwa ua bila kumalizwa, ili furaha ya nyumba hiyo isifike mwisho.

Hulkar alikuza picha akague kama nyuzi zimetoka vizuri. Alipokuza mara mbili, nyuzi zikawa kamba. Alipokuza mara nne, kamba zikawa matete ya hariri yaliyolala upande mmoja, yanang'aa kana kwamba upepo umetoka kuyapitia sasa hivi. Akazidi kukuza. Katikati ya matete hayo, kwenye mwanga uliokuwa ukiingia kwa dirisha la nyumba iliyobomolewa zamani, walikuwa wamekaa wanawake watatu, kila mmoja kwenye ukanda wake, wanashona.

Alipangusa kioo kwa mkono wa gauni, kwa sababu kilikuwa na vumbi, akatazama tena. Yule wa katikati alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na sindano midomoni. Kilemba chake Hulkar alikijua. Kiliishia kuwa tambara la jikoni.

"Salaam aleikum, mama," alisema.

"Waaleikum salaam. Umekula?"

"Bado."

"Sasa unatukodolea macho na njaa yako ili iweje? Nenda kale."

Hulkar alikwenda akala mkate kwa chai ya kijani, akaosha bakuli, akarudi. Walikuwa bado wapo. Alikaa akatazama mkono wa mama yake ukiingia na kutoka, ukiingia na kutoka, na kila ulipotoka ulikuwa umeacha nyuma kitu chekundu ambacho hakikuwepo. Utotoni aliuona mkono huo kila siku bila hata mara moja kuutazama. Chai ya pili ilipoa mezani.

Mwanamke wa ukanda wa kushoto alikuwa Bibirajab, jirani. Yeye na Oysuluv waligombana siku kanda zilipounganishwa, kila mmoja akidai mwenzake ndiye aliyekaza uzi na kulipandisha komamanga, na walinuniana miaka kumi na mmoja, mpaka mauti yakawapa udhuru. Ndani ya picha walikuwa wamepeana migongo, mshono katikati. Wa kulia alikuwa Tursunoy, ambaye bado yuko hai na anauza mikate kwenye lango la soko. Siku ya pili Hulkar alikwenda kumuuliza.

"Ndiyo, nipo huko," Tursunoy alisema, huku akinyunyiza maji kwenye mikate. "Ndiyo maana mgongo unaniuma kama wa mtu aliyeinama, na mimi kutwa nzima nimesimama. Hebu niambie, bado nina meno?"

"Yote, khala," alisema Hulkar, kwa neno la kumwita mama mdogo.

"Mwenzangu! Nisalimie sana."

Jumatano Muazzam opa alikuja kukagua. Alivaa miwani, akainama mbele ya kioo, akawaamkia wote watatu kwa majina na kuuliza habari za afya, nao wakamjibu kwa adabu. Halafu akamwomba Hulkar asogee hadi kwenye kona, kwenye ua lisilomalizwa, ambako wino ulikuwa wazi bila uzi juu yake. Hapo palikuwa na msichana mwembamba, amepiga magoti na kalamu ya tete, anachora huku amebana pumzi.

Muazzam opa alijitambua.

"Mkono ulikuwa hautetemeki," alisema. Akavua miwani, akaipangusa. "Haya. Komamanga lile la katikati limekatika vibaya, nusu moja juu, nusu moja chini. Liweke sawa. Watu wa mbali watadhani ni kasoro."

"Ni nyumba mbili zile, opa."

"Tovuti ni ya mtu mmoja."

Hulkar aliona afadhali aseme sasa kuliko Ijumaa. "Opa, mahali pa jina la msanii, naomba nimwandike na mama. Na hawa wenzake."

"Nafasi ni moja, mwanangu. Mimi sikuitengeneza."

"Basi chini, kwenye maelezo."

"Wakiona majina manne watauliza msanii ni yupi. Mimi niliyewaza, niliyechora, niliyezunguka na mabunda haya mpaka ng'ambo, nianze kujieleza? Mama yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kudai jina."

"Hakuwahi kuulizwa."

"Basi tusianze kumsumbua leo," alisema Muazzam opa kwa upole kabisa, akachukua mkoba wake. Hakuwa mtu mbaya. Oysuluv alipougua, ni yeye aliyempeleka hospitali kwa gari lake na kukesha naye.

Hulkar alikata ukanda wa kushoto kwenye picha, akaushusha nukta tisa, zile chembe za rangi zinazounda picha. Nusu mbili za komamanga zikakutana, nzuri kama zilizozaliwa pamoja. Akahifadhi, akaenda kuanua nguo. Aliporudi, mshono ulikuwa umepinda tena. Akaushusha tena, safari hii bila kuinuka kitini, akakuza. Oysuluv na Bibirajab walikuwa wamesimama bega kwa bega, miguu wameikita kwenye hariri, wameshika uzi mmoja wanavuta.

"Vuta basi, wee!" Oysuluv alisema.

"Navuta! Si wewe uliyelegeza tangu siku ile?"

"Mimi? Mikono yangu ingelegea, ungepata wa kumsengenya?"

Bibirajab alicheka mpaka akauachia uzi, akaudaka tena. Ukanda ukapanda nukta moja, ukapanda nyingine, mpaka zikatimia tisa, na komamanga likawa limepasuka palepale lilipopasuka siku zote.

"Liache hivyo," Oysuluv alimwambia bintiye, akihema. "Hapo ndipo wanapojua tulikuwa wawili."

Hulkar aliliacha hivyo. Aliandika kwenye fomu ukubwa wa kitambaa, aina ya hariri, mwaka wa kushonwa. Kwenye nafasi ya msanii aliandika Oysuluv, akafuta, akaandika jina alilotakiwa kuandika, kwani tovuti ilikuwa ya Muazzam opa, na yeye alikuwa mwandaaji wa picha.

Ikabaki kazi ya mwisho, ile ambayo kila picha lazima ipitie. Tovuti haipokei picha kubwa. Picha kubwa ingechukua mwaka kufunguka. Huko kinachokubaliwa ni upana wa nukta elfu moja na mia mbili, si zaidi. Hulkar aliwaaga wote watatu, akabonyeza. Picha ikasinyaa. Matete yakawa kamba, kamba zikawa nyuzi, nyuzi zikawa rangi. Zile nukta tisa za mshono zikawa chini ya nukta moja, na hapo hapakuwa na cha kuvuta wala mahali pa kukita mguu. Komamanga likakaa sawa lenyewe.

Ijumaa tovuti ilifunguliwa. Barua ya kwanza ilitoka kwa mwalimu mmoja wa nchi ya baridi, na Muazzam opa akamwachia Hulkar aisome. Hulkar alifungua picha kubwa, ambayo haikufutwa, akawasomea wanawake kwa sauti: "Nimeitazama kazi hii nusu saa. Inawezekanaje mikono miwili tu ifanye yote haya?"

Walicheka mpaka hariri ikatikisika kutoka pindo hadi pindo.

"Na opa amemjibu nini?" Bibirajab aliuliza.

"Amemjibu, subira."

Wakacheka tena, kidogo. Kisha Oysuluv akauliza, "Mimi huko naonekana ukubwa gani?"

Hulkar alikuwa amekwisha kupiga hesabu. "Theluthi ya nukta, mama. Nyinyi watatu mmekuwa nukta moja."

"Nukta ya rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu ipi? Yangu ya mizizi, niliyoichemsha siku tatu, au ya Bibirajab ya dukani?"

Hulkar alifungua ile ndogo, akaiweka kando ya kubwa, akalinganisha.

"Imezichanganya," alisema.

Oysuluv alishusha mikono mapajani. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kumwona hana kazi mkononi. Alikaa hivyo akitazama upande wa dirisha la nyumba isiyokuwepo.

"Basi hilo ndilo baya, kuliko hata jina," Oysuluv alisema. Akalamba ncha ya uzi, akatunga sindano.