Aliyemwogesha Mwalimu

Katika nyumba hii ya wazee nalala chumba kimoja na Mwalimu. Ndivyo tunavyomwita, ingawa chaki aliiacha zamani. Dada anayetuogesha tumempachika jina Taratibu. Kabla hajakumwagia maji, anauchukua mkono wako, anauingiza kwenye beseni, anauliza, "Yanafaa, bibi?" Ukikunja uso, anaongeza ya moto.

Jumapili binti wa Mwalimu alikuja, akamkuta Taratibu akimsuka mama yake. Akamgeukia msimamizi.

"Sitaki mama aguswe na watu wa kuja. Huyu hata kusema kwenyewe anaburuza maneno. Na hiyo mikono, nani anajua imetoka wapi?"

"Imetoka mabegani, mwanangu," nikasema, "kama yako."

Msimamizi alinikata jicho. Familia ikilalamika, yeye hubadilisha mtu.

"Kesho utahamia chumba cha kufulia," akamwambia Taratibu.

Mwalimu alitazama ukuta. Taratibu akamalizia msuko, akamfunika miguu, ndipo akatoka.

Asubuhi akaja msichana mwingine, mpole tu. Mwalimu akanyoosha mkono juu ya beseni, akangoja. Msichana akadhani anataka kuinuliwa, akamshika kwapani. Mwalimu akaurudisha mkono chini ya shuka. Hakuoga siku hiyo, wala iliyofuata.

"Shoga, utanuka," nikamwambia.

"Acha ninuke."

Wakampigia binti simu. Alifika anahema. "Mama, wamekufanya nini?"

"Wewe ndiye uliyenifanya. Mwili ni wangu, na hukuniuliza. Nami nikanyamaza kama sina ulimi. Kazungumze na msimamizi, halafu unipeleke kwa yule dada."

Alipotoka kwa msimamizi tukaenda, binti akisukuma kiti cha magurudumu, mimi nyuma na mkongojo wangu. Taratibu alikuwa akikunja shuka.

"Mwanangu," Mwalimu akasema, "siku ile nilisikia yote, sikukutetea. Nisamehe."

Kisha akamgusa binti yake kiwiko. Binti akasogea mbele.

"Dada, nilikukosea. Msimamizi amekubali urudi. Ukitaka."

Taratibu alitutazama, machozi yakimlenga.

"Nimesikia," akasema. "Nikimaliza shuka hizi nitakuja."

Zilikuwa rundo zima. Hakuna aliyemharakisha. Baada ya kitambo binti akachukua moja, akaikunja, ikatoka kama andazi. Taratibu akaikunjua, akampa ncha mbili ashike, akamwonyesha tena.