Birika la Profesa

"Enyi wanadamu, tiba imepata mfalme mpya!" Ndivyo alivyotangaza mwanafunzi aliyeitwa Profesa, bingwa wa kukwepa mbio za shule, akichechemea kuingia kwa nesi huku amejifunga majani ya komfrei kifundoni.

"Kwa mguu ulioteguka yanafaa," nesi alikubali, "mradi ngozi haina kidonda. Haya, leo hukimbii."

Ushindi ukamlevya Profesa. "Na chai yake nimekunywa birika zima, mama!"

Nesi akaruka. "Umekunywa? We mtoto, komfrei ikinywewa huharibu ini! " Akamgeukia dereva wa shule dirishani: "Dereva, washa gari! Hospitali, wakamtoe damu wampime!"

Profesa, ambaye sindano humtoa jasho, akasimama wima kwa miguu yote miwili.

"Sijanywa hata tone, mama. Wala mguu hauumi."