Asante, Januari wa Ushirombo

"Hapa usiniletee ubishi," nilimwambia mdogo wangu Deusdedit mbele ya fundi Gregory. Tulikuwa dukani kwa Gregory, Kambarage, mjini Shinyanga. Tumetoka Segese alfajiri kutafuta kompyuta ya kurekodia muziki. Duara, shimo la dhahabu alimokuwa akichimba Deusi, lilikuwa limeanza kupasuka kuta, nikaapa harudi tena chini nikiwa hai. Kuimba anajua. Basi aimbe! Pesa ilitoka kwenye mgahawa wangu, kwa hiyo mdomo nilikuwa nao.

Gregory alituelewesha bila maringo. Kwa uwezo wetu, tuchukue ya mezani, mtumba: memori kubwa, diski ya kasi, haigandi hata ukipanga sauti nyingi. Laptop za bei ileile zinapendeza macho tu. Ukiongeza gitaa juu ya ngoma, zinakwama.

"Segese umeme unakatika hovyo," Deusi akasema. "Nikiwa katikati ya kurekodi je?"

"Betri ya akiba utanunua baadaye. Vumilia, bwana mdogo," Gregory akamjibu.

Avumilie nani, Deusi? Alinuna mpaka tunafika nyumbani, na hatukununua kitu.

Wiki hiyohiyo akaja na laptop. Kaipata kwa Mzee Edson, mnunuzi wa dhahabu ambaye huwakopesha wachimbaji na kushika vitu vyao rehani. Mashine ya maana kweli, programu ya muziki imo ndani, na akaongezewa kadi ya sauti na hedifoni.

"Alikutajia bei gani?"

"Nilitaja ninayoiweza mimi. Akasema chukua."

"Hakubishana?"

"Hakubishana."

Edson, jamani! Mtu anayevutana na mimi bei ya kachumbari! Nikamwambia airudishe, akanijibu kwamba nina roho mbaya.

Ndani ya mashine mlikuwa na ngoma iliyokwisha kupangwa, tamu ajabu, na sauti ya kijana juu yake. Kama wafanyavyo waimbaji wa kwetu, alijitaja kwanza: Januari wa Ushirombo, mtoto wa Rhoda. Kisha akaanza kumsifu Edson, na katikati ya sifa sauti ikakatika. Deusi aliifuta, akaimba yake. Lakini huku kwetu huwezi kupanda juu ya ngoma ya mtu usimtaje, utaitwa mwizi usiye na shukrani. Kwa hiyo mwishoni akaweka: asante, Januari wa Ushirombo, mwana wa Rhoda, ngoma yako imenifikia Segese.

"Umemwomba mwenyewe?" nikamuuliza.

"Yuko wapi nimwombe?"

"Ndiyo nakuuliza mimi. Yuko wapi?"

Akavaa hedifoni zake. Na wimbo ulikuwa umeshaingia kwenye simu za bodaboda wote.

Tangu hapo Edson akawa anakula kwangu kila mchana. Anakaa kwenye kiti kinachotazama mlango, anauliza jambo moja tu: "Msanii yupo?" Nikaanza kuogopa hata kumtuma Deusi sokoni, asije naye akapotelea aliko huyo Januari.

Alhamisi, Edson akiwa mezani na Deusi akinisaidia kugawa chakula, aliingia mama mmoja wa makamo, miguu imejaa vumbi.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi Rhoda, natoka Ushirombo. Namtafuta aliyemwimba mwanangu." Nilipomwonyesha Deusi, alimshika mikono yote miwili. "Januari hajapiga simu tangu mavuno. Niliposikia umemtaja, nikasema wabeja, asante Mungu wangu, yuko hai! Yuko wapi, baba?"

Deusi alimtupia jicho Edson. Nilimwona.

"Simjui, mama. Ngoma yake niliikuta ndani ya kompyuta niliyonunua Shinyanga. Kwa fundi Gregory, Kambarage."

Nikashusha pumzi. Ndiyo, nilifurahi, nisiseme uongo. Mdogo wangu ataishi, nikajiambia.

Edson alinawa mikono taratibu, akasimama. "Pole sana, mama. Naelekea hukohuko Shinyanga. Gari lipo nje, twende nikufikishe kwa huyo Gregory."

Mama wa watu alipiga goti kumshukuru. Akachukua mfuko wake. Deusi alikuwa ameinamisha kichwa. Edson akamshika mama kiwiko, kwa upole kabisa, wakaanza kutoka.

Sijui nilifikaje mlangoni. Nilijikuta nimesimama pale, nimewazibia njia.

"Mayu, mama yangu, usipande gari la mtu huyu. Mdogo wangu ameogopa. Kompyuta ya Januari imetoka kwake."

"Dada!" Deusi alilia.

Edson hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Alimwachia mama kiwiko, akarudi kwenye kiti chake. Akatoa simu, akasema maneno mawili tu: "Njooni mgahawani." Halafu akamkazia macho Deusi, wala si mimi.

Wateja wakaanza kuinuka mmojammoja, chakula bado kimo sahanini. Hakuna aliyeaga. Bodaboda waliokuwa nje waliwasha pikipiki zao wakaondoka.

"Kwa hiyo mwanangu yuko wapi?" Rhoda alikuwa akiuliza, akimgeukia kila mmoja wetu. "Mbona hamniambii?"

Gari la pili likasimama nje.

"Suzana," Edson akaniita, na hajawahi kuniita kwa jina, "mwekee mama chakula ale. Ametoka mbali."