Anayegonga Bodi

Mkaguzi alitema kijiti alichokuwa akitafuna, akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu. "Wewe ndiye dereva, au umemletea dereva chakula?"

Wanaume waliokuwa wakisubiri zamu uwanjani wakaangua kicheko. Baba mdogo alicheka kuliko wote, na hilo ndilo lililonikata maini. Ndugu wa tumbo moja na marehemu baba! Miaka yote alikuwa utingo wake kwenye lori hilihili, akisimama nyuma na kugonga bodi: gonga moja, rudi, gonga mbili, simama. Sasa wazee wa ukoo walikuwa wamempa neno: nisipopata leseni leo, lori ni lake. Mimi na mama tutajua wenyewe.

Asubuhi alijitolea kuja kunigongea. Mama akafurahi, masikini. "Damu nzito kuliko maji, mwanangu." Kikulacho ki nguoni mwako, lakini utamwambiaje mama hivyo, naye anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuzike?

"Rudisha trela hadi karibu na ukuta," mkaguzi akaamuru, akipanda kando yangu. "Ukigusa, umefeli. Na usinipotezee muda."

Trela lina ukaidi wake: ukitaka mkia uende kushoto, unakata usukani kulia. Nilikata, jasho likinichirizika mgongoni. Nyuma, bodi likagongwa. Ngo! Nikarudi. Kimya kidogo, kisha ngo! Nikarudi tena. Nikatupa jicho kioo cha kulia, nikatupa cha kushoto. Baba mdogo hayumo. Ngo!

Marehemu baba alikuwa mpole kwa kila kiumbe isipokuwa utingo aliyejificha. "Asiyeonekana kiooni asinirudishe!" alikuwa akifoka, na wa kufokewa alikuwa huyuhuyu.

Nikakanyaga breki, nikavuta ya mkono, nikafungua mlango.

"Unakwenda wapi?" mkaguzi akabweka. "Dereva hashuki!"

"Basi andika nimefeli. Lakini nitaona kwanza."

Uwanja mzima ukapiga miluzi. "Kashindwa huyo! Mrudisheni jikoni!" Nilizunguka hadi nyuma. Kati ya trela na ukuta kiganja kisingepita. Baba mdogo alikuwa kajibanza kwenye pembe ya ukuta, mahali kioo hakifiki, ngumi juu, tayari kugonga tena.

"Baba mdogo, baba angekuwepo, ungemgongea hivi?"

"Umeshashuka," akajibu bila haya. "Umefeli. Lete funguo."

Mkaguzi alikuwa amenifuata. Akachungulia ule upenyo, akaitazama ile ngumi, akasonya. "Hawa wanaocheka ndio walionibomolea ukuta juzi, kwa sababu hakuna aliyeshuka." Akanigeukia, uso bado wa shubiri. "Umefaulu. Niondolee lori lako hapa."

Lori lako! Nilitamani kulia, lakini si mbele ya wale.

Getini ilinibidi nirudi nyuma kulipisha lori jingine. Baba mdogo, aliyekuwa amepanda kando yangu kwa kukosa nauli ya kurudia nyumbani, akashuka bila kuambiwa, akaenda nyuma.

Ngo!

Nikatazama kioo cha kulia. Safari hii alikuwa amesimama mahali pake, mwili mzima, mkono juu ya bodi, akinitazama kwa chuki isiyojificha.

Nikavuta breki ya mkono, nikashuka.